Tangi la Chafya

Juzi mjukuu wangu, ambaye ni seremala hapa Mpemba, alinikuta nimeinamia benchi jipya alilolitengeneza, pua imegusa mbao. Akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nalinusa tu. Akacheka, akasema bibi za wenzake wananusa ugoro, mimi nanusa benchi. Basi nimeona niwaandikie, yeye na ninyi wenzake mnaokula kwa randa na msumeno, mjue mazoea haya nimeyatoa wapi.

Nilifanya kazi miaka ishirini na mitatu kwenye kiwanda cha mbao kilichokuwa hapa hapa Mpemba, kando ya barabara kuu. Msikitafute, hakipo. Palipokuwa na msumeno mkubwa sasa yanalala malori yanayosubiri zamu ya kuvuka Tunduma. Mimi sikuwa fundi wa msumeno. Nilikuwa mchovyaji. Kazi yangu ilikuwa kuzamisha mbao kwenye tangi la dawa, kuzitoa, kuziinamisha zichuruzike na kuzipanga zikauke. Watu wakisikia hivyo husema, kumbe ni kazi ndogo. Hata mimi nilisema hivyo siku ya kwanza.

Paina mnaijua. Ikitoka kwenye msumeno ni nyeupe, inanata, ina utamu ndani yake kama muwa. Ukungu unaupenda utamu huo. Masika, ukipanga mbao mbichi zimegusana, ndani ya wiki moja zinakuwa na michirizi ya bluu kama mtu amezimwagia wino. Ubao wa bluu haujaoza. Nguvu yake ni ile ile, na ukiupaka rangi hakuna atakayejua. Lakini mnunuzi hautaki. Wazambia waliokuwa wakija kununua walikuwa wakiupindua ubao, wanautazama huku na huku, kisha wanasema, “Mama, mapulanga yenu yanaumwa,” yaani mbao. Wanapanda gari, wanaondoka.

Ndiyo maana tulichovya. Dawa yenyewe ilikuja kwenye mapipa, vipande vidogo vyembamba kama magamba ya samaki, vyeupe vinavyokaribia rangi ya udongo. Jina lake ni sodiamu pentaklorofeneti. Msimamizi wetu, Fundi Athumani, alikuwa akilitamka lote bila kukwama, kama mtu anayetaja ukoo wake. Sisi wengine tuliiita Chafya. Ukifungua pipa na upepo ukakugeukia, vumbi lake linaingia puani na huna tena hiari. Siku yangu ya kwanza nilipiga chafya kumi na moja mfululizo. Silwimba, niliyekuwa nachovya naye, alikuwa anahesabu kwa sauti.

“Dada Tuse,” akaniambia nilipotulia, “mimi niliishia tisa. Karibu kazini.”

Fundi Athumani alikuwa mtu wa Tanga. Alikuja huku na malori, akaoa, akabaki. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakuwa na haraka ya jambo lolote. Asubuhi yangu ya pili alinishika mkono wa shati akanipeleka mbele ya tangi, akachukua chumvi ya jikoni akaitia kwenye kikombe cha maji.

“Umeiona imekwenda wapi?” akauliza.

“Imeyeyuka.”

“Na dawa hii ni chumvi vile vile. Uzuri wake ni huo na ubaya wake ni huo. Inaingia kwenye ubao mbichi kwa sababu inapenda maji. Mvua ikija, inatoka na maji. Mtu akikuambia nichovyee nguzo za uzio, mwambie hapana. Dawa hii ina ndugu yake anayeyeyuka kwenye mafuta, huyo ndiye wa nguzo. Huyu wetu ni wa kuulinda ubao mpaka ukauke, basi.”

Aliniambia kwingine wanaitumia kuua konokono wa kichocho kwenye mifereji ya mpunga, kwingine kuzuia ukungu kwenye gundi na ngozi. “Ni dawa isiyochagua,” alisema. “Ikimkuta ukungu inamuua, ikimkuta samaki inamuua. Usidhani wewe itakuruka.” Hilo la samaki tulilithibitisha sisi wenyewe, kwa aibu. Kuna mtu aliosha buti kijitoni nyuma ya kiwanda, na kesho yake perege wote wa pale walikuwa wameelea, matumbo juu. Toka siku hiyo tuliosha vifaa juu ya tangi lenyewe, na maji yakarudi humo humo.

Nikiwaza miaka ile nasikia harufu ya paina mbichi na mlio wa msumeno ukianza asubuhi, unapanda polepole kama mtu anayejaribu sauti kabla ya kuimba. Nasikia kahawa ya tangawizi ya Fundi kwenye birika lake lililopondeka. Tulikula mchana mbali na tangi, upande wa upepo unakotoka, na kabla ya kula tuliosha mikono kwa sabuni mara mbili, yeye akisimamia kama mwalimu wa darasa la kwanza. Tulimcheka kwa siri. Nimezeeka, na bado naosha mara mbili.

Nisiwadanganye kwamba tulikuwa werevu. Silwimba aliwahi kutuharibia tangi zima. Alipewa kazi ya kubadilisha maji ya betri ya lori, yale makali, na mabaki akaona ayamwage penye dawa, maana vyote ni sumu. Mimi nilifika nikakuta tangi limekatika kama maziwa yaliyoganda, madonge meupe yanaelea, mengine yameshuka chini. Fundi alikuja, akachota kwa kijiko cha mbao, akatazama kwa muda mrefu.

“Silwimba, umenitengenezea mtindi,” akasema.

Kisha akatueleza. Ile chumvi haipatani na tindikali. Ikikutana nayo inarudi kuwa kitu kisichoyeyuka, inakaa chini kama tope, na ukichovya ubao hapo unachovya kwenye maji matupu. Tulishinda siku mbili tunakomba tope lile na kulitia kwenye mapipa.

Huyu huyu Silwimba ndiye aliyetufundisha kuiogopa. Ilikuwa Oktoba, joto limebana, glovu zake zimechanika na yeye akaona afadhali kazi iishe. Akavua shati. Akachovya hivyo tangu asubuhi, dawa ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko na kifuani. Alasiri aliniambia ana kiu. Alikunywa kopo zima la maji, akaomba jingine. Jasho lilikuwa likimtoka kama amemwagiwa, na nilipomgusa bega nilitoa mkono haraka, alikuwa amewaka. Alianza kuhema akiwa amekaa.

Fundi hakupiga kelele. Alimvua nguo zote pale pale, akatuambia tumwoshe kwa sabuni na maji ya baridi bila kuacha, halafu akaenda kwenye pipa na kubandua karatasi yenye jina la dawa. Tulimpakia Silwimba kwenye pikapu mpaka hospitali ya Vwawa. Muuguzi alipomshika tu akasema ni malaria. Fundi akamwekea ile karatasi mezani na kumwomba aisome kabla ya kutoa dawa yoyote. Daktari aliyekuja baadaye alisema karatasi ile ilimsaidia sana, maana sumu hiyo haina kiuasumu, kazi ni kuupoza mwili na kumpa maji tu, na mtu akicheleweshwa anaondoka. Silwimba alilala siku sita. Aliporudi hakugusa tangi tena, alikaa langoni, na kila mgeni aliyepita alimwonyesha mikono yake na kumweleza habari za glovu.

Sasa nifike kwenye langu, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka wa tano wangu pale, masika, dawa ilikwama mpakani. Lori lililoibeba lilisimama Tunduma kwa sababu ya karatasi, tukaambiwa kesho, na kesho yake tukaambiwa kesho. Fundi Athumani alikuwa amekwenda Tanga kumzika baba yake. Aliniachia tangi. Aliniambia maneno machache tu: “Likipungua nguvu, usichovye. Funika, subiri.” Wakati huo tangi lilikuwa limeshuka chini ya alama, na nje kulikuwa na mzigo mbichi uliopasuliwa siku hiyo, oda ya kikundi cha wakulima wa kahawa wa upande wa Mbozi Mission. Walitaka mbao za chaga, zile za kuwekea mzigo usiguse sakafu.

Ningeweza kusema sina dawa. Niliona haya. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuachiwa tangi lile, na kulikuwa na wanaume wawili watatu waliokuwa wakisubiri nishindwe. Nikaongeza maji mpaka kwenye alama. Nikakoroga. Rangi ilionekana ile ile kwa macho yangu, nikajiambia mabaki ya chini yataipa nguvu. Nikachovya mzigo wote. Mbao zikaenda Mbozi zikiwa bado na unyevu, kwa sababu wenyewe walizitaka haraka.

Fundi aliporudi niliinama nikafagia. Hakuuliza, mimi sikusema. Lori likafika, dawa ikaongezwa, maisha yakaendelea.

Miezi ikapita. Msimu wa kahawa ukaja ukaisha, na siku moja tukapata ujumbe kwamba Fundi anaitwa kwenye ghala la kikundi kile. Alinichukua niandamane naye kushika futi ya kupimia, kwa sababu alidhani chaga zimevunjika.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Nzowa, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ndogo. Alikuwa na mtaalamu wa kuonja kahawa aliyetoka mjini. Mezani walikuwa wameweka vikombe vitatu. Mama Nzowa alitukaribisha, akatuuliza habari za nyumbani, kisha akasogeza kikombe mbele yangu.

“Onja, mwanangu,” akasema.

Nilionja. Kwanza ilikuwa kahawa. Halafu ikaja ladha ya gunia lililolowa likasahauliwa kwenye kona ya nyumba. Ilikaa kwenye ulimi na haikutaka kuondoka.

“Hii ni kahawa yetu,” alisema. “Tuliichuma ikiwa nzuri. Tuliiosha, tukaianika vizuri kwenye vichanja. Wanunuzi wameikataa yote iliyokaa katika ghala hili. Iliyokuwa nyumbani kwa watu haina kitu.”

Yule mtaalamu akatupeleka ghalani. Magunia yalikuwa yameondolewa, chaga zipo tupu. Alipiga magoti, akatuonyesha upande wa chini wa mbao. Palikuwa na ukungu mwembamba kama vumbi la unga. Akamwuliza Fundi mbao zile zilitiwa dawa gani. Fundi akamtajia jina lote. Mtaalamu akatikisa kichwa polepole, akaeleza kwamba kuna ukungu ambao ukikutana na dawa hiyo ikiwa dhaifu haufi. Unaigeuza dawa kuwa kitu kingine, kitu chenye harufu ile, na kidogo sana chake kinatosha kuingia kwenye chakula chochote kilicho jirani. Huwezi kukiona wala kukiosha.

“Dhaifu?” Fundi akauliza. “Tangi langu halijawahi kuwa dhaifu. Labda unyevu wa ghala hili.”

Alisema kwa upole, lakini Mama Nzowa aliinamisha macho. Ghala lile alilijenga yeye na wenzake, wamebeba mchanga kichwani. Kwa maneno yale, kosa lilikuwa limehamia kwao. Mimi nilisimama pale na futi mkononi, nikiwa najua, na sikufungua mdomo. Vijana, nimefanya makosa mengi kazini, lakini ile dakika moja ya kunyamaza ndiyo inayonirudia.

Tulipanda pikapu kurudi. Fundi alikuwa anaendesha. Tulipofika Vwawa, karibu na soko, nikamwambia asimamishe gari.

“Unaumwa?”

“Niliongeza maji, Fundi. Ulipokuwa msibani. Dawa ilikuwa imekwisha.”

Alizima gari. Watu walikuwa wanapita na vikapu vya nyanya, maisha yao yanaendelea.

“Ulichovya mzigo huu peke yake?”

“Huu peke yake.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Niliogopa utaniondoa.”

Akavuta pumzi. “Na mimi sikuwauliza chaga ni za nini,” akasema. “Ningeuliza, wangesema chakula, na ubao wa dawa haukai na chakula, dawa iwe kali au iwe dhaifu. Wewe umeongeza maji, mimi nimeuza. Tunarudi wote wawili.”

Akageuza gari. Nilitamani barabara iwe ndefu zaidi.

Tulimkuta Mama Nzowa amekaa kwenye ngazi ya ghala, peke yake, amejifunika kitenge. Fundi alitaka kuanza, nikamzuia. Nilipiga magoti kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu, nikamweleza yote, tangu lori lililokwama mpaka nilivyosimama mbele yake asubuhi nikanyamaza. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa analia, kimya, anafuta kwa pembe ya kitenge.

“Wenzangu wamesema mimi ndiye niliyelala,” akasema. “Wamesema sikufungua madirisha. Mume wangu amesema hivyo hivyo. Na mimi nilianza kuamini.”

Jioni ile aliwaita wanakikundi, na nikayarudia maneno yale mbele ya watu kama arobaini. Wapo walionitukana, na walikuwa na haki. Kahawa ile haikuokoka. Iliuzwa kwa waliokubali kuichanganya na nyingine mbaya, na kuna watoto waliorudi nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada, kwa sababu yangu. Siwezi kuwaambia kwamba kusema kweli kulilirudisha hata gunia moja. Kulimrudishia Mama Nzowa jina lake tu. Aliendelea kuwa mwenyekiti.

Chaga zile tulizing'oa na kuziondoa, na Fundi akakataza zisichomwe, kwa sababu moshi wake nao ni sumu. Wiki mbili baadaye Fundi alipeleka chaga nyingine. Mimi sikwenda. Aliniambia ni mbao zilizobaki kiwandani, ambazo hazikupita kwenye tangi. Hakunifukuza. Jumatatu alinikabidhi chaki nyekundu, akaniambia kila ubao unaotoka kwenye tangi niuandike DAWA pande zote mbili, na kila mnunuzi nimwulize ubao unakwenda wapi. Niliuliza hivyo miaka kumi na minane. Waliokuwa na haraka walinichukia.

Dawa yenyewe ilikuja kuondolewa. Tuliambiwa haitaagizwa tena, nchi nyingi zimeikataa kwa sababu inakaa ardhini na mwilini muda mrefu. Siku hizi mna dawa nyingine na mna vikaushio. Nanyi msizizoee. Someni karatasi ya pipa, vaeni glovu, na mkihisi joto ambalo jua halikulileta, tokeni hapo haraka. Fundi Athumani alistaafu kabla yangu, akarudi Tanga kwa mama yake mzee, na miaka miwili baadaye tukaletewa habari kwamba amefariki.

Mwaka jana Mama Nzowa, sasa bibi wa fimbo, aliniita ghalani kwake. Walikuwa wanabadilisha sakafu, akataka niwashauri. Vijana walipindua chaga ili wasafishe, na nikaona maandishi ya penseli kwa chini. Hati ile naijua, ni ya Fundi: alikuwa akiandika herufi kubwa, zimelala kidogo kushoto. Kwenye ubao mmoja aliandika SEBULE. Kwenye mwingine, DARI YA JIKONI. Nikaomba wapindue zote. Mbao tisa zilikuwa na maneno yale yale, CHUMBA CHA MAMA.

Hamkumjua, kwa hiyo niwaambie. Miaka ile Fundi alikuwa anajenga nyumba kule Chapwa. Baba yake alipofariki alitaka kumleta mama yake kutoka Tanga aishi naye. Alinunua mninga polepole, akaupiga randa mwenyewe siku za mapumziko, kila ubao akiuandika unakokwenda. Halafu nyumba ikasimama bila dari, bila milango, mvua ikaipiga. Tukimwuliza alisema amechoka kujenga. Tuliamini, wengine tukasema watu wa pwani hawapendi baridi ya huku. Mama yake hakuja.

Mama Nzowa aliniuliza kuna nini. Alisema Fundi alipozileta aliwaambia zimebaki kiwandani, na akakataa hata chai.

Niliinama nikanusa ubao mmoja. Ulikuwa mninga mtupu, mkavu, na kahawa kidogo. Nikawaambia vijana wazirudishe taratibu, maandishi yakae chini kama alivyoyaweka, kisha nikashika pembe ya gunia la kwanza tukalipandisha.